Kifaa Kipo, Salio Hakuna



Vijana wenzangu, wiki hii sina hadithi ya mtakatifu. Nina habari ya aibu yangu mwenyewe, na ilinipata barabarani.

Kwa wale ambao hawajapita Nairobi Expressway, hebu niwaeleze kidogo. Ni ile barabara ya kilomita 27, sehemu yake ikiwa ya juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwezi wa Mei 2022. Unalipa kulingana na umbali uliosafiri. Kuna njia ya kulipa kwa mkono, na kuna njia ya wenye kifaa cha elektroniki. Kifaa chenyewe ni kidogo tu, kinatoshea kwenye kiganja. Unapangusa kioo cha mbele kwa ndani kiwe kikavu, unabandua karatasi ya gundi, unakibandika karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma, unakibonyeza kishike. Halafu unaweka pesa kwenye akaunti yake. Ukifika langoni unapunguza mwendo, kifaa kinawasiliana na mtambo kwa mawimbi ya redio, kizuizi kinainuka, unapita. Hushushi dirisha, hutafuti chenji.

Mimi nilikibandika changu kwa mbwembwe zote. Nilikuwa nimenunua kagari ka mkono wa pili, na kifaa kile kilinifanya nijione mtu wa mjini kweli kweli. Miezi ya kwanza niliweka pesa kila wiki. Baadaye maisha yakabana, nikarudi barabara ya chini. Kifaa kikabaki pale kwenye kioo, safi, kinang'aa. Nikakizoea hadi nikaacha kukiona.

Basi, mwaka wa 2023, tarehe 27, mwisho wa mwezi wenyewe mnaujua, Mama alikuja kutoka Machakos kwa ajili ya kliniki. Alitakiwa kuwa hospitali, upande wa Parklands, saa mbili kamili asubuhi. Tulichelewa kutoka. Nikamwambia, "Mama, usijali, leo tunapita juu. Gari lina kifaa." Mama alikuwa ameketi kando yangu, rozari mkononi. Akatabasamu tu.

Nikaingia njia ya wenye vifaa, nimejaa raha. Gari la mbele yangu likapita, kizuizi kikashuka. Nikasogea. Kizuizi kimya. Nikarudi nyuma kidogo, nikasogea tena. Kimya. Nyuma yangu honi zikaanza, moja, tatu, nyingi. Mhudumu akaja, akaangalia, akasema kwa upole, "Boss, kifaa kiko sawa. Ni salio hakuna."

Nikatoa simu nitume pesa. M-Pesa yangu ilikuwa na shilingi kumi na nane.

Jamani, mnaijua ile hali ya kutamani ardhi ipasuke? Ilibidi madereva watatu warudi nyuma ili mimi nitoke kwenye ile njia, nihamie ya kulipa kwa mkono. Tukapanda, tukasafiri hadi Westlands bila kusema neno. Tulipofika lango la kutokea, gari dogo kwa safari nzima lilikuwa shilingi 360 wakati huo. Mama akafungua fundo la leso yake. Akahesabu noti polepole, akanipa. Halafu akasema, bila ukali wowote, "Kifaa unacho, mwanangu. Shida ni kukiacha hivyo."

Alikuwa anazungumzia gari. Mimi nilisikia kingine kabisa.

Kwa sababu ukweli ni huu: nilikuwa nimebatizwa nikiwa mtoto mchanga. Nilipata Kipaimara nikiwa darasa la nane. Nilikuwa katika kikundi cha vijana, naimba kwaya, nina rozari nzuri nimeitundika kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma, sentimita chache kutoka kwa kile kifaa. Lakini kitubio? Sikuwa nimekaribia kwa zaidi ya miaka miwili. Kulikuwa na jambo moja nililoogopa kulitaja, na kila Jumamosi nilijiambia, "Wiki ijayo." Ukiniangalia kwa nje, kila kitu kimebandikwa mahali pake. Kwa ndani, salio hakuna.

Mnakumbuka mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25? Wote kumi walikuwa na taa. Wote walikuwa wamealikwa. Wote, hata wale wenye busara, walisinzia. Kwa macho usingeweza kuwatofautisha. Tofauti ilikuja kuonekana usiku wa manane, bwana arusi alipofika: watano taa zao zilikuwa zinakaribia kuzimika na mafuta ya akiba hawana. Walipoomba kwa wenzao, hawakupata. Zamani niliwaona wale watano wenye busara kuwa wachoyo. Siku ile langoni nikaelewa: kuna vitu ambavyo hata mtu akupende namna gani, hawezi kukuazima.

Mama alinilipia barabara. Lakini Mama hawezi kuniungamia dhambi zangu. Akisali rozari mia moja, bado mimi mwenyewe ndiye ninayepaswa kupiga magoti.

Angalia tena lile lango. Gari la mbele likipita, kizuizi kinashuka. Kinainuka kwa gari moja moja. Huwezi kujibandika nyuma ya mwingine ukapita kwa salio lake. Na wengi wetu, tuseme ukweli, ndivyo tunavyoishi imani. Tumejibandika nyuma ya imani ya wazazi, ya jumuiya, ya kwaya, ya yule rafiki anayetuamsha kwenda Misa. Ni vizuri kuwa nao, na tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila itafika siku tutakuwa peke yetu mbele ya lango.

Hapa nataka niwe mwangalifu, maana mfano wangu una mahali unapokomea. Barabarani unalipa ndipo unapita. Na ada haingoji: Januari 2024 safari ile ile ilipanda kutoka 360 hadi 500. Kwa Mungu siyo hivyo. Neema hainunuliwi. Nabii Isaya, sura ya 55, anawaita hata wasio na fedha waje wanunue bila fedha. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba walinunuliwa kwa gharama kubwa. Yaani bei ilishalipwa, Msalabani. Kwa hiyo kitubio siyo kwenda kumlipa Mungu. Ni kwenda kupokea alichokwisha kulipia.

Na kuna jambo jingine la kutia moyo. Yule mhudumu hakuniambia ninunue kifaa kipya. Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo unatia rohoni alama isiyofutika. Dhambi haiwezi kuifuta, hata ikizuia Ubatizo usizae matunda yake. Ndiyo maana hatubatizwi mara ya pili. Wewe uliyekaa mbali miaka miwili, mitano, kumi, bado ni mtoto wa nyumbani. Huanzi upya kama mgeni. Unarudi.

Jumamosi ile nilienda. Nilifika mapema, nikakaa benchi la mwisho, nikawaacha watu wanne wanipite. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Nilipoingia nililitaja lile jambo kwanza, kabla sijapata nafasi ya kulizungukazunguka. Padre hakushtuka. Hakunigombeza. Dakika zisizozidi kumi, mzigo wa miaka miwili ukawa umetuliwa. Nilipotoka nikampigia Mama. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Nilikuwa nakungoja."

Kumbuka pia Mathayo alikuwa nani. Yesu alimkuta kazini kwake, penye kutozwa ushuru, mahali ambapo watu wengi walipadharau. Hakumngoja atoke pale ajisafishe kwanza. Alimwita akiwa hapo hapo, naye akainuka akamfuata. Hata wewe, aibu yako inaweza kuwa ndiyo mahali anapokuitia.

Azimio la wiki: usiseme "wiki ijayo." Tafuta leo saa za kitubio katika parokia yako, uziandike kwenye simu, na uende. Kanisa linatudai walau mara moja kwa mwaka; usisubiri honi zikupigie.

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulinitia alama yako nikiwa sijui hata kutamka jina lako. Nisamehe kwa kuibeba kama pambo. Nipe ujasiri wa kurudi kwako kwa miguu yangu mwenyewe, na uwabariki wote walionilipia njia kwa jasho na sala zao. Amina.