Moyo Mpya katika Kifua cha Kale

Njia itokayo Kigoma mjini kwenda Manyovu ni njia ya kupanda. Uso wa Ziwa Tanganyika u kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Manyovu, iliyo mpakani na Burundi katika nchi ya Waha, iko juu zaidi, milimani. Gari la kale lipandalo huko, mathalan Land Rover ya miaka ya 1960, hupata taabu ambayo gari la siku hizi haliijui. Kadiri mlima unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kabureta, ambayo huchanganya petroli na hewa kwa vitundu vilivyokwisha kupimwa, haina namna ya kulitambua hilo. Petroli huzidi, moshi huwa mweusi, na nguvu hupungua pale pale inapohitajiwa. Injini ya kisasa huipima hewa iingiayo, kompyuta yake ikakadiria mafuta, nozeli zikanyunyiza kiasi kinachofaa. Ndipo mwenye gari anaposhawishika: bodi ibaki ile aliyorithi kwa babaye, injini ing'olewe, itiwe ya kisasa.

Je, gari hilo litakuwa lile lile? Swali ni kongwe. Plutarch wa Uyunani aliandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake mbovu zilibadilishwa moja baada ya moja, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakishikilia kwamba ni ile ile, wale kwamba ni nyingine. Lakini si lazima kwenda Uyunani. Bandari ya Kigoma inayo merikebu yake.

Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Na mwaka 1993 ikatiwa injini nyingine tena. Bendera zimebadilika, jina limebadilika, moyo umebadilika zaidi ya mara moja. Hata hivyo, abiria wa mwambao wa ziwa hawakusema kwamba wanapanda meli nyingine. Chombo cha kazi hujulikana kwa kazi kinayoifanya na kwa mikono inayokitunza bila kukatika.

Ikiwa ni hivyo, basi kubadili injini si dhambi kwa asili yake. Lakini si ruhusa tupu pia. Humo mna madeni.

Deni la kwanza ni la viungo vilivyobaki. Breki, gia na springi za gari la kale zilikadiriwa kwa nguvu ya injini yake. Kuzidisha nguvu bila kugusa breki ni kama kuongeza mizani katika ukwapi na kuuacha utao ulivyo: mshororo mzima hulemaa. Tofauti ni kwamba mshororo uliolemaa hauui mtu. Mlima wa Manyovu unaopandwa kwa fahari asubuhi ndio utakaoteremkwa jioni, na aliyeketi nyuma hakuulizwa.

Deni la pili ni la ukweli. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasi na namba ya injini, kwa kuwa sheria nayo inatambua kwamba mwili na moyo vyaweza kuachana. Mwenye kuuza gari kwa sura yake ya kale, akificha kilicho ndani, hakuuza gari. Ameuza imani ya mnunuzi.

Deni la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la elimu. Kabureta hufunguliwa kwa bisibisi. Kitundu kilichoziba hupulizwa kwa mdomo, na fundi wa kijijini humaliza kazi chini ya mti. Mfumo wa kunyunyizia mafuta una sensa, nyaya na pampu ya umeme, na ugonjwa wake mara nyingi hauonekani ila kwa kifaa cha kupimia. Watu wa pwani wanayo mithali yao katika jambo hili. Majahazi mengi yametiwa injini za dizeli, na mwendo umekuwa mwepesi. Lakini siku injini inapozimika mkondoni, tanga lipo na hakuna kijana anayejua kulitweka.

Atatokea mtu aseme: basi gari liachwe na kabureta yake. La hasha. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku hana haja na historia ya kabureta. Haja yake ni kufika. Kumwachia mwenzio taabu kwa kuwa taabu hiyo ni ya kale, nako ni ubinafsi uliovaa joho la heshima. Kilicho haki ni kwamba elimu ipandishwe mlimani pamoja na injini: fundi afundishwe kabla gari halijaharibika, kifaa kipatikane karibu, na nyaya zichorwe ili asiyekuwapo siku ya kuzifunga aweze kuzifuata.

Hapa Liemba ina funzo lake la mwisho. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hawakujua ni nani atakayeiibua, na huenda akawa adui; alikuwa adui kweli. Naye alipoiibua baada ya miaka minane, aliikuta mitambo ingali inafaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mara nyingine vimeundwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Mwenye kung'oa injini ya kale Manyovu na aipake grisi, aiweke pakavu, na mchoro wa nyaya za ile mpya auache ndani ya gari.