Tujihesabu Kabla ya Kuwahesabu Wenzetu

Mwaka 2016, wiki chache baada ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa tarehe 20 Machi, alifariki mzee wetu mmoja katika mji tunaoishi hapa Uingereza. Alikuwa mtu wa watu. Tulipofika tukiwa hatujui hata basi la kupanda, yeye ndiye aliyetupeleka kuandikisha watoto skuli na kututafutia vyumba, na wengi wetu wiki zetu za mwanzo tulilala sebuleni kwake. Lakini mzee huyu alikuwa CCM, na hakuwahi kulificha hilo. Picha ya Mzee Karume ilikuwa ukutani kwake miaka yote. Sisi wa mji huu, wengi wetu tulikuwa CUF.

Khitma yake ilisomwa siku ya Jumapili katika ukumbi wa kukodi. Desturi yetu katika shughuli kama hizo ni ukumbi kujaa mpaka watu wakasimama nje na baridi yao. Siku ile viti vingi vilibaki vitupu. Hapakuwa na mtu aliyetoa amri ya kususa, hapakuwa na kikao, wala ujumbe uliopitishwa. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake: huyu ana zamu ya kazi, yule mtoto wake ana homa, na mwengine gari lake bovu. La ajabu ni kwamba sababu zote zilikuwa za kweli. Zamu ilikuwepo. Homa ilikuwepo. Ndiyo maana usiku ule tulilala usingizi bila ya kujigeuza.

Tumelifikiria jambo hili miaka mingi, na kila tukilifikiria tunarudi kwenye suala moja: je, inawezekana mtu akawa amedhulumiwa kweli, na bado dhamiri yake ikawa chafu? Tulikuwa tumezoea kuamini kwamba haiwezekani. Aliyeonewa ni msafi na aliyeonea ni mchafu, hesabu imekwisha. Leo hatuna tena uhakika huo.

Kususiana huku hatukukuanzia Ulaya, tulikuja nako kutoka nyumbani. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, Dkt. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad akapewa asilimia 49.8. Tofauti haikufika hata nusu asilimia, na nusu ya nchi haikuamini. Baada ya hapo, khasa kule Pemba, watu walikataa kununua kitu katika duka la mtu wa chama kingine, walikataa kupanda gari lake, kuswali nyuma yake, na hata kumzika. Ndugu wa tumbo moja waliacha kuamkiana. Mwaka 2016 mambo yale yale yakarudi. Kwa hivyo tulipoviacha viti vile vitupu, hatukubuni jambo jipya. Tulifanya tulichokijua.

Wako watakaosema hii ni siasa tu. Sisi tunaona siasa ilikuwa ni mlango, na kilichokuwemo ndani ya nyumba ni mali. Tazama karafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu zetu imekuwa ikitoka Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa ndiyo mnunuzi pekee, na bei ya mkulima ikapangwa mjini Unguja. Mwenye shamba Wete alijua kwamba zao lake linauzwa nje kwa bei nyengine, na akijaribu kulivusha kwenda Kenya anaitwa mhalifu wa magendo. Mtu huyo hakuhitaji kusomeshwa siasa ili awe na uchungu.

Lakini na mwenzake naye alikuwa na uchungu wake. Yuko ambaye babu yake aliishi katika shamba la watu kwa hisani ya mwenye shamba, na siku ya hasira ya mwenye shamba angeweza kuondoshwa na mihogo yake ardhini. Kwa mtu huyo, eka tatu alizopewa na Mzee Karume si maneno ya jukwaani, ni mahali alipozikwa baba yake. Na yuko ambaye eka hizo tatu zilikatwa kutoka shamba la familia yake, na jamaa zake wakauawa au wakapanda majahazi kukimbilia Uarabuni. Yuko wa Unguja anayeona kila duka la mtaani kwao limechukuliwa na Mpemba, naye Mpemba anaona kwamba alifungua duka kwa sababu milango ya ofisi za serikali ilikuwa imefungwa kwake.

Kila mmoja katika hawa ana haki ya kusikilizwa. Tatizo liko katika namna tunavyoiandika hesabu. Zamani kila duka la mtaani lilikuwa na daftari la mikopo. Muuzaji mwaminifu aliandika anachowadai watu, na aliandika pia anachodaiwa na tajiri aliyemletea mchele. Sisi madaftari yetu yana upande mmoja tu. Tunachowadai wenzetu tumekiandika kwa wino, na tarehe tunazikumbuka hata za kabla hatujazaliwa. Tunachodaiwa hatukukiandika popote. Mzee yule aliyetulaza sebuleni kwake hakuwemo katika daftari la yeyote kati yetu.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana najisi haioshwi kwa najisi. Hatusemi kwamba dhuluma isahauliwe. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 askari waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, Pemba na Unguja. Tume iliyoundwa na serikali yenyewe, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilitaja watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawakupungua 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Damu ile ni deni, na mwenye kulidai hana kosa. Anayemwambia mjane wa Wete kwamba ajitazame nafsi yake kwanza kabla ya kuuliza nani alimuua mumewe, huyo amekosa adabu.

Lakini dai si sawa na kinyongo. Dai lina mdaiwa anayejulikana, lina kiasi, na lina mwisho. Ukilipwa, au ukisamehe, unafunga daftari. Kinyongo hakina kiasi. Ukipewa unasema bado, na mdaiwa akifa unamgeukia mtoto wake. Aliyetoa amri ya kupiga risasi mwaka 2001 anadaiwa. Mzee aliyekuwa hapa Uingereza wakati ule, akifagia sakafu za hospitali kama sisi, tulikuwa tunamdai nini? Tukijibu kwa ukweli, tulikuwa tunamdai picha iliyo ukutani. Na kwa kuwa wakubwa wenye kudaiwa walikuwa mbali na hatuwafikii, tulimtoza aliyekuwa karibu.

Wala hili si la upande mmoja. Wapo wenzetu wa CCM hapa hapa waliosikia habari za Januari 2001 wakasema "wamejitakia," kisha wakaendelea na chai. Hawakupiga risasi mtu. Nao pia walilala usingizi. Kila mwenye kusoma haya ajue upande wake, na asishughulike kwanza na wa jirani. Nyani haoni kundule, na katika jambo hili sote ni nyani.

Sisi tulio nje tuna mtihani wa ziada. Nyumbani watu hususiana, lakini kisima ni kimoja, hospitali ni moja, na mtoto akiungua usiku mwenye gari ni yule yule uliyemnunia. Haja huwalazimisha kurudi. Sisi huku tuna bima, tuna gari letu, tuna simu ya kuitia msaada, na tunaweza kuishi miaka ishirini bila ya kumhitaji jirani wa chama kingine. Hasira yetu haina gharama, na kitu kisicho na gharama mtu hakipimi anapokitumia. Tuliwapigia simu nyumbani tukawaambia "msikubali," nasi tunajua kwamba asubuhi yake atakayekutana na askari njiani ni wao, na sisi tutakuwa kazini. Miongoni mwetu wako pia waliopata makaazi hapa kwa sababu dunia iliwahurumia Wapemba, na hali wao wenyewe hawakukimbia risasi yoyote, walikuja kutafuta maisha. Hatuwalaumu kwa kutafuta maisha. Lakini mtu aliyekula kwa jina la wafiwa ana wajibu mkubwa zaidi wa kuchunga ulimi wake asiwaongezee wafiwa.

Na kuna hili la pesa, ambalo tunaona haya kuliandika. Miongoni mwetu iko nyumba iliyokuwa ikiwapelekea mashangazi wawili pauni hamsini hamsini kila mwezi. Shangazi mmoja alionekana katika picha ya mkutano amevaa kanga ya kijani na njano. Mwezi uliofuata pesa zake hazikwenda. Hakuambiwa kitu, na ulipofika wakati wa kuulizwa, jibu lilikuwa kwamba kazi zimepungua. Nayo hiyo ilikuwa kweli, kazi zilipungua. Ila kwa yule shangazi wa pili hazikupungua. Bibi wa miaka sabini, mwenye presha, alitozwa faini ya kuvaa kanga, na pengine aliivaa kwa sababu ilikuwa ya bure.

Ukizitazama habari hizi mbili, ya khitma na ya shangazi, utaona zina ufunguo mmoja. Dhamiri ikitaka kujificha haijifichi nyuma ya uongo, kwa sababu uongo tunaujua na unatuchoma. Inajificha nyuma ya sababu ya kweli. Kwa hivyo kujiuliza "sababu yangu ni ya kweli?" hakutoshi. Suala la kujiuliza ni jengine: lau angekuwa mwenzetu, sababu hii hii ingenizuia? Zamu ya Jumapili ile tungeibadilisha kama aliyekufa angekuwa wa kwetu. Tumeshazibadilisha zamu mara ngapi kwa ajili ya harusi! Kipimo hicho ni kidogo, hakihitaji elimu kubwa, na mtu anaweza kukifanya peke yake usiku bila ya shahidi. Lakini tumegundua kwamba ni vigumu kukidanganya.

Kuna watakaosema chuki hii imo katika damu, haiondoki. Tunawakumbusha tarehe 5 Novemba 2009, alipokutana Maalim Seif na Rais Amani Karume, na yaliyofuata baada yake. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Watu waliokuwa hawazikani walizikana. Waliosusiana maduka walirudi kukopeshana. Kama ingekuwa ni damu, isingebadilika katika miezi isiyotimia tisa. Ni kweli kwamba uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, yalirudi yale yale, lakini hilo nalo linathibitisha jambo lile lile: huwashwa na huzimwa. Na mwezi Disemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine uliomwaga damu, Maalim Seif mwenyewe alikubali tena kuingia serikalini, akafariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wako waliomlaumu kwa hilo, na wako wanaomlaumu mpaka leo. Sisi hatumsemei. Tunaloliona ni kwamba mtu aliyekuwa na daftari refu kuliko yetu sote, aliyewahi kufungwa, hakufa akiwa amewasusa wenzake.

Baada ya arubaini ya yule mzee tulikwenda kwa binti yake, watu wanne, na mkono wetu wa tanzia uliochelewa. Alitufungulia mlango, akatuamkia, akatukaribisha sebuleni pale pale tulipolala miaka ile. Picha bado ilikuwa ukutani. Akaleta chai na kaimati. Tulianza kumueleza habari za zamu na za homa, naye akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, bila ya ukali: "Baba alikuwa akinambia, nikifa kodini ukumbi mkubwa, watu wangu hapa ni wengi." Akanyamaza, akatuongezea chai.

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimuomba radhi, naye akasema amesamehe, na tunaamini kwamba amesamehe. Lakini aliyekuwa akitungojea pale ukumbini hakuwa yeye.

Ndugu wasomaji, uchaguzi haukwishi nchini kwetu, kila baada ya miaka mitano uko, na kila mara utakuwa na la kuumiza. Tudai haki zetu kwa wanaodaiwa. Lakini siku ikija simu kwamba fulani amefariki, na kabla ya kusema kwamba Jumapili hatuna nafasi, tujiulize kwanza: angekuwa wa kwetu, tungesema hivyo?