Je, Yafaa Kumfunga Pweza Katika Tangi la Kioo?

Ndugu msomaji, yapo maswali yanayoonekana kuwa ya mchezo, kumbe ndani yake mna jambo zito. Katika baadhi ya nyumba za Kinondoni na Temeke utakuta sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, na yupo atamaniye kumweka humo pweza. Huuliza achague yupi: mdogo au mkubwa? Sisi twasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: je, anayo haki ya kumfunga?

Asidhani mtu kwamba Uislamu wakataza kufuga. Mtume Muhammad s.a.w. alimtania kwa upole mtoto Abu Umair juu ya ndege wake mdogo, wala hakumkemea kwa kumfuga. Lakini ni yeye yule aliyetueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Basi ruhusa ipo, ila imefungamana na uwezo wa kumtimizia mnyama haja zake.

Sasa tumtazame pweza. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Ana chembe za fahamu zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa katika minyiri yake minane. Mwaka 2010 wachunguzi wa Seattle, Marekani, walieleza kuwa pweza aliweza kumtofautisha mtu amlishaye na yule amchokozaye. Mwaka 2016 pweza aitwaye Inky alitoroka tangini huko Napier, New Zealand, akapitia bomba hadi baharini. Kwa kuwa hana mfupa, hupenya popote unapopenya mdomo wake mgumu. Uingereza nayo mwaka 2022 ilimtambua katika sheria kuwa ni kiumbe mwenye hisia.

Kiumbe wa namna hii, utamtimizia nini pale Mbagala? Ataka maji ya bahari yaliyo safi, ataka kaa wa kula na pango la kujificha; ataka pampu isiyosimama, na umeme ukikatika usiku kucha hewa ya majini humwishia. Mwenzake usimweke naye, aweza kumla. Tena pweza wa miamba yetu huishi kiasi cha mwaka mmoja tu. Ukimtwaa akiwa mkubwa, umetwaa siku zake za mwisho.

Hapo utaniuliza: "Mwalimu, mbona twamla? Supu ya pweza yauzwa kila jioni, nami nataka kumlisha!" Hoja hii si dhaifu. Lakini ruhusa ya kuchinja haikuwa kamwe ruhusa ya kutesa; Mtume s.a.w. aliamuru kisu kinolewe ili mnyama apumzike. Anayekula huchukua uhai kwa haja, na jambo likaisha. (Naye mvuvi ampigaye pweza mwambani na ahakikishe kwanza kwamba amekwisha kufa.) Anayefunga kwa kutazama tu huirefusha dhiki kila siku, na haja yake ni macho.

Ikiwa mwanao ataka kumwona pweza, mpandishe mashua Kunduchi hadi Mbudya, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1975. Pweza wa kwetu hutembea mchana. Maji yakipwa, mwambie alitazame jiwe moja kwa utulivu mpaka libadilike rangi.