Santuri Isiyopigwa Ni ya Nani?

Tuseme lebo ndogo ya Berlin imetoa santuri mpya ya tekno kwa ajili ya madijei. Nakala 300, jalada jeupe lisilo na picha, hakuna faili la kupakua, na chini kabisa onyo: haitachapwa tena. Inaisha siku hiyohiyo. Wiki inayofuata nakala ileile iko mtandaoni kwa bei mara nne. Je, ni haki kutoa muziki huku umepanga kwamba wengi wasiupate?

Zamani ningejibu haraka: siyo haki, hayo ni maringo ya wenye nacho. Nilianza kusita nilipoelewa santuri hizi hufanya kazi gani.

Chukua Minimal Nation ya Robert Hood wa Detroit, iliyotoka mwaka 1994 kwenye Axis, lebo ya Jeff Mills. Ukiisikiliza sebuleni unaweza kuuliza, "Sasa wimbo unaanza lini?" Ni mdundo na sauti fupi za kinanda zinazojirudia, zikigeuka kidogo kidogo. Lakini ile nafasi imeachwa makusudi: dijei ataweka santuri nyingine juu yake, na wimbo utazaliwa pale katikati. Zipo hata santuri zenye mfereji uliofungwa, ambapo sindano haisogei mbele, inazunguka palepale hadi uinyanyue. Kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Tia humo mapigo manne, unapata kama mapigo 133 kwa dakika, kasi ya tekno kabisa. Hapo umenunua kifaa cha kazi.

Na kifaa cha kazi si lazima kila mtu awe nacho. Hakuna anayemlaumu mhunzi kwa kufua patasi chache pale ambapo maseremala ni wachache. Halafu kuna gharama: kiwanda hutaka kulipwa ukungu wa kuchapia kabla hujauza hata nakala moja, kwa hiyo lebo ndogo huchapa kile inachoweza kuuza. Tena santuri moja mikononi mwa dijei husikiwa na ukumbi mzima, wakati faili kwenye simu yangu ni la masikio yangu mawili tu.

Mtu atasema: lakini hata faili lingepigwa ukumbini, na kwa dijei kijana asiye na hela ya mashine mbili za santuri, hilo ndilo lingekuwa mlango wake. Kweli, na sina jibu la kumnyamazisha. Msanii ana haki ya kuchagua chombo cha kazi yake, ila asituambie kwamba kufunga mlango ni sehemu ya sanaa.

Ndiyo maana natenganisha aina mbili za uchache. Upo unaotokana na kazi: mtaji mdogo, wanunuzi wachache. Huo hauna dhambi. Na upo unaotengenezwa kwa ajili ya bei. Ahadi ya "haitachapwa tena" hailindi muziki hata kidogo. Inamlinda aliyewahi kununua, na mara nyingi huyo ni mlanguzi. Minimal Nation ilikuja kuchapwa tena, na haikupoteza hata pigo moja.

Kwa hiyo lawama yangu haimwangukii sana aliyechapa 300. Inamwangukia aliyenunua moja, akaiacha kwenye nailoni yake, akaipanga rafuni akisubiri bei ipande. Jembe lililotundikwa ukutani halijalima hata tuta. Muziki ulioachiwa nafasi ili mwingine aumalizie, ukifungiwa, haujakamilika, na mwenye nao ndiye anayeuzuia.

Kama unayo, ipige. Kama huipigi, mpe anayepiga, kwa bei uliyonunulia.