Aga Kabla ya Kuondoka

Masomo: Matendo 13:5, 13; 15:36–40; 2 Timotheo 4:11

Yohana Marko alianza vizuri. Alivuka bahari hadi Kipro pamoja na Barnaba na Paulo, akiwa msaidizi wao. Walipofika Perge, katika Pamfilia, akawaacha, akarudi Yerusalemu. Luka hatuambii sababu. Anatuonyesha yaliyofuata: wenzake walipanda hadi Antiokia ya Pisidia bila yeye, na baadaye Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa katakata. Wakashindana hadi wakatengana. Barnaba akaenda Kipro na Marko, Paulo akafuatana na Sila.

Vijana wetu wa vyuo hufika Perge yao kila muhula. Mwanafunzi ameomba mwenyewe kuingia kwenye mradi wa utafiti wa mwalimu wake. Amepangiwa kijiji, ameshahoji kaya kadhaa. Mara mitihani inakaribia, au ada imekwama nyumbani na inabidi atafute kibarua. Hawezi tena. Kujitoa hapo si dhambi. Mzigo ukizidi nguvu, kuutua ni busara. Shida ni namna anavyoondoka. Simu ya msimamizi inaita bila kupokelewa, ujumbe umesomwa haujajibiwa, na madodoso yaliyojazwa yamelala uvunguni mwa kitanda hosteli. Ananyamaza kwa sababu anaona haya, na kadiri anavyonyamaza ndivyo haya inavyozidi.

Anayeumizwa si msimamizi peke yake. Yuko mama aliyeacha kupepeta mchele wake, akaketi mkekani kujibu maswali kuhusu afya ya wanawe, kwa kuwa aliambiwa majibu yake yatasaidia. Maneno yake ni amana. Yakiozea uvunguni, aliyedhulumiwa ni yeye.

Ndiyo maana weledi kwa Mkristo ni sehemu ya kumpenda jirani. Anayejitoa na aende mwenyewe kwa msimamizi, mapema, kabla hajaanza kutafutwa. Aseme kweli kwa ufupi, bila kumzulia shangazi msiba. Aeleze alipofikia, akabidhi madodoso yote pamoja na orodha ya kaya zilizobaki, na kama anaweza, amwelekeze atakayepokea kazi. Akikaripiwa, avumilie, kwa maana ahadi ni deni, na mwenye kudai ana haki ya kusema.

Nasi wasimamizi na wazazi tumkumbuke Barnaba, aliyekubali kusafiri tena na kijana aliyewahi kuwaacha njiani. Miaka ilipita, na Paulo yuleyule, akiwa kifungoni, akamwagiza Timotheo aje na Marko, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi. Sifa iliyoharibika Perge ilijengwa upya kwa kazi.

Mpendwa, kama kuna kazi uliyoiacha kimyakimya, usisubiri upate maneno matamu. Mpigie simu msimamizi wako wiki hii, omba radhi, na ukabidhi kilicho mikononi mwako.