Samaki wa Mama na Deni la Anayejua



Katika wiki chache zilizopita watu watatu wameniuliza swali moja baada ya ibada, na wote watatu waliuliza kwa kunong'ona. Dada nesi, hawa samaki wa kukaushwa wanaotoka Katanga, kweli tuwape watoto? Walinong'ona kwa sababu mama anayewauza alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Wote tunamfahamu. Ni mjane, na gunia linaloletwa kwa basi kupitia Kasumbalesa ndilo linalolipa kodi ya chumba chake hapa Alexandra na ada ya shule ya watoto wake. Nilizungumza naye kabla ya kuandika. Aliniambia: "Andika, dada. Kunong'onwa ni kubaya zaidi."

Kwa hiyo swali lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa afya. Upande wa pili ndio unaoninyima usingizi: mtu anayejua kwamba chakula kina hatari, na anayejua pia kwamba onyo lake litamnyang'anya mwenzake riziki, anadaiwa nini?

Tuanze na la afya. Waliotoka Likasi wanalijua Ziwa Tshangalele, lililotokea Mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi. Likasi imesafisha shaba na kobalti tangu enzi za Wabelgiji, na maji yanayopita mjini hushuka kwa Mto Panda hadi Lufira, kisha ziwani. Samaki wa ziwa hilo wamepimwa na watafiti, na metali zilizokutwa ndani yao ni za kumtia wasiwasi mtu anayewala mara kwa mara. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilizidi yoyote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Haikuingia kwa samaki peke yake. Iliingia kwa vumbi, kwa maji, kwa mboga, kwa kila kitu.

Asiwepo wa kusema hayo ni ya Kongo tu. Hapa Afrika Kusini watafiti wa Chuo Kikuu cha Limpopo waliwapima samaki wa bwawa la Flag Boshielo, kwenye Mto Olifants, wakaonya kwamba anayewala kila wiki anaweza kuvuka kiwango salama cha metali kama risasi na aseniki. Na kuhusu kambare wa Mto wetu Jukskei, jibu langu ni fupi: msiwale. Mto ule unabeba maji machafu ya jiji na maji ya vyoo, na wazee wa Alex wanakumbuka kipindupindu cha 2001. Huko hatuhitaji hata kufika kwenye metali.

Metali hizi zina tabia ambayo akina mama lazima waielewe, kwa sababu inapingana na yote tuliyofundishwa jikoni. Mdudu wa ugonjwa anakufa ukichemsha. Risasi haifi. Zebaki haifi. Chemsha, kaanga, choma, metali iko pale pale. Kukausha ndiko kunaongeza, maana maji yanatoka na metali inabaki, hivyo kipande kidogo kinabeba kile kilichokuwa kwenye kipande kikubwa. Maini, figo na matamvua hubeba nyingi kuliko nyama, isipokuwa zebaki, ambayo hukaa kwenye nyama yenyewe na huzidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Kuombea chakula ni vizuri, nami huombea, lakini sijawahi kuona risasi ikiondoka kwa amina.

Tena miili haiko sawa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima aliyekula kiasi kile kile, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa madini kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Maana yake ni kwamba kile alichokula msichana Likasi kinaweza kumfikia mtoto atakayezaliwa hapa Johannesburg. Kinachoharibika ni akili: uwezo wa kusoma, kutulia, kukumbuka. Hakuna homa, hakuna kuhara, kwa hiyo hakuna anayemlaumu samaki.

Hapo ndipo swali la maadili linapoanza. Sumu inayoua leo haina mjadala, kila mtu humwaga chungu. Lakini sumu inayosubiri miaka 15 inatupa nafasi ya kunyamaza bila kujiona wabaya. Tunasema: nisubiri kwanza niwe na hakika, nisimharibie mtu biashara, watu wenyewe wana njaa.

Huko Japani, katika mji wa Minamata, watu walianza kuugua kwa kula samaki wa ghuba yao, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, Hosokawa Hajime, aliwalisha paka maji taka ya kiwanda hicho, na mwaka 1959 paka mmoja akapata ugonjwa ule ule. Aliwaeleza wakubwa wake. Wakamkataza kuendelea, naye akanyamaza. Zebaki iliendelea kumwagwa baharini hadi 1968. Mwaka 1970, akiwa anaugua saratani kitandani, ndipo alipotoa ushahidi kwa mahakama. Watu wengi humwona shujaa kwa ushahidi ule, na wengine humhukumu kwa miaka ile 11. Mimi ninamwona mtu anayefanana nasi sana. Hakuwa mwovu. Aliwatibu wagonjwa wale kwa mikono yake. Alikuwa na ajira, na wakubwa, na mji mzima uliokula kwa mkono wa kiwanda kile kile.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu una nguvu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia: "Binti yangu, njaa ni ya leo. Hiyo risasi yako ni ya kesho. Ukimwambia mama wa watoto wanne asile samaki, atakula nini? Bukari na chumvi?" Mzee hajakosea. Samaki ana protini, ana madini ya chuma, na mtoto asiyepata hivyo naye akili yake hudhoofika. Isitoshe, mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza risasi zaidi. Anayepiga marufuku tu na kwenda zake anaweza kumletea mtoto madhara yale yale aliyotaka kuyazuia.

Nilimjibu mzee kwa habari ya Elisha kule Gilgali wakati wa njaa, pale mtu alipookota matango mwitu asiyoyajua na kuyakatia chunguni. Walaji walipopiga kelele kwamba chakula kinaua, nabii hakuwaambia wavumilie kwa kuwa ni njaa. Wala hakuwaacha walale na njaa. Aliagiza unga. Waliopiga kelele walifanya sehemu yao, na mwenye uwezo akaleta unga.

Ndiyo maana siamini tena kwamba deni la anayejua linalipwa kwa maneno peke yake. Onyo lina gharama, na kwa kawaida gharama hiyo inamwangukia mtu ambaye hakuchafua chochote: mvuvi, mjane anayeuza, mama anayepika. Aliyemwaga taka mtoni hapotezi hata senti tunapomwambia mama mjamzito aache samaki. Hilo linanikasirisha, na nadhani ni haki kukasirika. Lakini hasira dhidi ya migodi haipaswi kuwa sababu ya kumlisha mtoto kile tunachokitilia shaka wakati kesi inasubiri. Mtu mzima akijua na akachagua kula, amechagua, ingawa najua uchaguzi wa maskini ni mwembamba. Mtoto aliye tumboni hakuulizwa. Kwake yeye sina pa kulegeza.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi, kikundi cha akina mama na mwenye biashara mwenyewe. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 6 wasile samaki ambao ziwa lao halijulikani. Familia hizo zitapata mayai, maharage na pilchard wa kopo kutoka mfuko wa upendo, na tafadhali msione aibu kuja kuchukua. Wengine mnaokula, toeni matumbo, maini na vichwa, na msile kila siku. Mama ataacha kuchukua samaki wa Tshangalele na ataagiza wa maziwa yaliyo mbali na viwanda vya kuyeyusha shaba, Mweru na Tanganyika, na kila gunia litaandikwa limetoka wapi. Magunia hayo yanamgharimu zaidi. Kwa hiyo Jumapili ijayo bei itakuwa imepanda kidogo. Naomba mnunue hivyo hivyo, na msimwombe apunguze.