Tusingoje Bei Irudi

Swali ninaloulizwa zaidi, sokoni Arua na kwenye vibanda vya chai Koboko, ni fupi: bei zitarudi lini? Anayeuliza hana haja ya hotuba. Anakumbuka alicholipia mche wa sabuni kabla ya 2022, anakumbuka lita ya mafuta ya kupikia, na amesikia redioni kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Kama umeshuka, mbona dukani anatoa fedha nyingi vilevile? Mama anayeuliza hivyo akiwa na watoto watano nyumbani anastahili jibu la kweli, hata likiwa chungu. Jibu langu ni kwamba bei nyingi hazitarudi zilikotoka. Kinachopaswa kusogea ni ujira.

Nianze na redio. Mfumuko wa bei ni mwendo. Anayepanda mlima Liru pale Koboko, akichoka akapunguza hatua, hajaanza kushuka. Bado anapanda, ila polepole. Oktoba 2022 bei za Uganda kwa jumla zilikuwa juu kwa asilimia 10.7 kuliko mwaka mmoja nyuma. Oktoba 2023 kiwango hicho kilikuwa asilimia 2.4. Ni kazi iliyofanywa, na sitaidharau: Benki Kuu ya Uganda ilipandisha riba yake kutoka asilimia 6.5 hadi 10 kati ya Juni na Oktoba 2022, mikopo ikawa ghali, na kasi ikapungua. Lakini chukua kapu la vitu lililogharimu shilingi 10,000 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata likawa 11,070. Mwaka wa pili, ule tuliotangaziwa nafuu, likafika karibu 11,340. Halikurudi elfu kumi, wala Benki Kuu haikuahidi kulirudisha huko. Lengo lake ni kwamba bei zipande taratibu, asilimia 5 kwa mwaka. Kushuka hakumo katika mpango.

Kuna vitu vilivyoshuka, na haki ni kuvitaja. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilivuruga biashara ya mafuta na nafaka, na Aprili ya mwaka huo Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese yasiuzwe nje. Viwanda vyetu vya sabuni na mafuta ya kupikia hutegemea mawese hayo, ndiyo maana sabuni ilipanda kwa kasi ambayo watu hawakuizoea. Zuio lilipoondolewa mwezi uliofuata, na soko la dunia likatulia, sabuni ikarudi nyuma. Ilirudi nyuma, ila haikurudi kwao.

Anayejua bei kushuka ni mkulima. Nenda Maracha au Terego msimu wa nyanya, au wakati kila boma linavuna muhogo kwa wiki zilezile, uone beseni linavyoshushwa bei kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Nyanya haingoji. Ikifika jioni haijauzwa inaoza, na mwenye lori analijua hilo. Kwa hiyo mkulima wa eneo letu la West Nile anaishi kati ya bei za aina mbili: anachouza hushuka upesi, anachonunua hakishuki kwa urahisi. Sabuni haiozi. Chumvi haiozi. Mabati hayaozi. Na kila kimoja kimesafiri kilomita karibu 500 kutoka Kampala, kikavuka Mto Nile Karuma, kikauvuka tena Pakwach, kikiwa kimebeba mshahara wa dereva, dizeli, matairi na riba ya mkopo wa mwenye duka. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, magari yakalazimika kuzungukia njia ndefu, sote tulihisi jinsi gharama ya barabara inavyoingia katika kila pakiti ya sukari. Gharama hizo zikishapanda, mwenye duka akishusha bei peke yake atafunga.

Tena bei zetu hupanda kwa hatua kubwa. Petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita katikati ya 2022, safari ya boda ya elfu moja ikawa elfu na mia tano. Petroli ikapungua baadaye. Nani angemwomba kijana wa boda ashushe hadi 1,350? Chenji iko wapi? Na yeye mwenyewe ana pikipiki ya kulipia kila wiki, vipuri vimepanda, kodi ya chumba imepanda. Simlaumu hata kidogo. Tofauti niliyoiona ni ya mafuta yenyewe. Wazee wa Arua wanawakumbuka vizuri vijana wa Opec, walioibuka miaka ya 1980 watu walipokuwa wakirudi kutoka ukimbizini, wakauza barabarani kwa madumu mafuta yaliyovushwa kimagendo kutoka Kongo. Wauzaji wakisimama wengi bega kwa bega, na bidhaa ikawa ileile, bei hushuka kweli, kwa sababu mnunuzi anahamia kwa jirani papo hapo. Lakini ni bidhaa ngapi Arua zenye wauzaji namna hiyo? Saruji haina. Sukari ya jumla wanayo wachache.

Sasa ujira. Watu hudhani mshahara haushuki, na kwenye karatasi ni kweli. Mwanauchumi wa Marekani, Truman Bewley, aliwahoji mameneja na watu wengine zaidi ya 300 kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo wakati wa mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, akitaka kujua kwa nini hawapunguzi mishahara biashara ikiwa mbaya. Kitabu chake kilitoka 1999. Walimwambia, kwa jumla, kwamba mfanyakazi aliyekatwa mshahara huvunjika moyo, kazi huharibika, na wazuri huondoka. Ni afadhali kumwachisha mtu mmoja kuliko kuwaumiza wote. Nadhani hata Arua ni hivyo. Huwezi kumwita askari anayelinda lango lako usiku ukamwambia kwamba kuanzia mwezi huu utampa pungufu. Utaona aibu, na yeye hatakesha akikulinda kwa moyo uleule.

Kwa hiyo tarakimu inabaki, na hapo ndipo dhuluma inapojificha. Mtu wa leja-leja, yaani kibarua wa siku, aliyekuwa akilipwa 10,000 kwa siku Oktoba 2021, ambaye Oktoba 2023 bado alilipwa 10,000, alikuwa akinunua kwa fedha hiyo kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa 8,820 hivi. Amekatwa karibu 1,180 kila siku. Hakuandikiwa barua. Hakuitwa ofisini. Hakuna aliyelazimika kumtazama machoni na kumwambia. Jembe ni lilelile, shamba ni lilelile, jua la Februari ni lilelile, lakini amerudi nyumbani na unga kidogo. Mtu akiniuliza kama mishahara hushuka baada ya bei kupanda, nitamwambia ndiyo, ilishashuka wakati tukiwa tunaangalia bei ya sabuni.

Wenye sauti hupona kidogo. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa, waliobaki na milioni moja na kidogo, waligoma Juni ya mwaka huo, kisha wakarudi darasani wakiwa na mshahara uleule. Mwalimu wa Kiswahili au historia anakwenda soko lilelile analokwenda mwalimu wa fizikia. Wa shule ya msingi, mwenye karibu laki tano, alikuwa amezizoea fedha hizo tangu bei zikiwa nyingine. Hao angalau wana chama na wana tarehe ya kulipwa. Msichana wa kazi za ndani hana. Mbeba mizigo wa soko la Koboko hana. Anayefua nguo za watu kwa siku hana.

Sheria nayo imelala. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Tangu hapo mfumuko ulifika karibu asilimia 200 kwa mwaka katika miaka ya 1980, sarafu ikabadilishwa Mei 1987 na sifuri mbili kukatwa, Oktoba 2011 mfumuko ukafika asilimia 30, kisha ikaja 2022. Kima hicho hakijaguswa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais Museveni hakuutia saini. Hoja ya serikali imekuwa kwamba mwekezaji atakimbia. Nimeipima hoja hiyo kwa moyo mweupe, na siioni ikimhusu anayelinda lango Arua. Lango halihami. Wala nyumba ya mwenye msichana wa kazi haitakwenda Nairobi.

Wapo wanaotamani kitu kingine kabisa, kwamba bei zote zishuke pamoja zirudi za zamani. Ninawaelewa, lakini natamani wakumbuke miaka ya 1930. Wakati huo West Nile ilikuwa ghala la vibarua: Walugbara na jirani zao walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya Buganda na Busoga, wengi wao katika mashamba ya miwa, kwa sababu kodi ya mkoloni ilidaiwa taslimu na hapa nyumbani taslimu haikuwapo. Mdororo wa dunia ulipoanza 1929, bei ya pamba ikaporomoka, na ujira wa vibarua ukashuka nayo. Vitu vilikuwa rahisi. Aliyekuwa na fedha alifurahi. Kibarua alitembea mbali zaidi kutafuta kodi. Leo badala ya kodi hiyo weka mkopo. Mtu aliyechukua milioni moja ya mpango wa serikali wa maendeleo wa parokia akanunua mbuzi, bei ya mbuzi ikianguka, milioni ile haipungui hata shilingi moja.

Na upande mwingine wa hatari tunauona kwa macho, mwendo mfupi tu kutoka Koboko, ukivuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini. Hadi Desemba 2015 dola moja ilibadilishwa rasmi kwa pauni 2.95 za Sudan Kusini. Mwanzoni mwa 2024 bei rasmi ilikuwa imepita pauni 1,000. Mwaka 2016, ule ambao watu wa Yei walivuka kwetu wakiwa na magodoro kichwani na kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe, mfumuko wa huko ulipita asilimia 800. Mishahara ya watumishi wa serikali yao haikuweza kuufuata, na mara nyingi ilichelewa kwa miezi. Mfanyabiashara wa Koboko aliyeweka akiba yake kwa pauni alibaki na mfuko wa karatasi. Kwa hiyo sisemi fedha zichapishwe ili kila mtu aongezewe. Mwendo wa polepole wa bei ni neema, na naomba uendelee. Ninachokataa ni kuutumia kama sababu ya kumwacha mfanyakazi pale alipoachwa mwaka 2022.

Wakimbizi hao wa Sudan Kusini ndio kundi pekee la siku hizi ninalolijua ambalo tarakimu yake yenyewe ilikatwa waziwazi. Mgao wao wa chakula na fedha ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, kisha Februari 2021 ukabaki asilimia 60 ya kiwango kamili, kwa sababu wafadhili walipunguza mkono. Halafu bei za 2022 zikawakuta hapo. Matokeo yake yalifika hadi kwetu: katika vijiji vinavyozunguka kambi, watu wengi zaidi walitafuta leja-leja kwa wakati mmoja, na mwenye shamba akaona kwamba anaweza kutoa kidogo na bado akapata mtu. Hakuvunja sheria. Lakini alijua, na sisi tuliopita barabarani tukaona watu wakilima kwa bei ile tulijua pia.

Mwenye duka rafiki yangu huniambia: mzee, nikiongeza mshahara nafunga. Namwamini, biashara ndogo za Arua zina pumzi fupi. Ila lori likileta sabuni ghali Jumatatu, bei ya rafuni hubadilishwa Jumatatu hiyohiyo. Hakuna anayesubiri kikao. Kwa nini ujira wa kijana anayepanga sabuni hiyo usubiri miaka? Ninachopendekeza ni kitu cha kawaida kabisa. Kila Juni, bajeti ikisomwa, mwajiri akae na mtu wake, wakiwa wameshika bei ya beseni la unga wa muhogo, sabuni, kodi ya chumba na karo, waone zilivyosogea tangu Juni iliyopita, na ujira usogee kiasi hicho. Mashirika yanayokodi walinzi kupitia kampuni yaandike sharti hilo ndani ya mkataba, maana ndio wenye nguvu ya kulidai. Halmashauri ya jiji la Arua na ile ya manispaa ya Koboko zianze na wafagiaji wa barabara, ambao malipo yao yamo mikononi mwa madiwani kabla ya tarehe 1 Julai. Na asiyeweza kuongeza mwaka huu afungue daftari lake mbele ya mfanyakazi, amwonyeshe kilichoingia na kilichotoka, kisha amtajie mwezi atakaoweza.